Tom Simpson: Mwili ulipuliza filimbi, kidonge kikamziba masikio

NOVEMBA 1937 kulitokea mambo mawili, kila moja upande wake wa bahari, na hakuna aliyejua kwamba siku moja yatakutana.

La kwanza lilitokea Marekani, jimbo la Rhode Island. Daktari Charles Bradley alichapisha ripoti kwenye jarida la madaktari wa akili. Alikuwa na watoto 30 waliolazwa kwenye hospitali yake kwa matatizo ya tabia, wengine hawakaliki darasani hata dakika tano. Kwa wiki moja aliwapa Benzedrine, dawa ya jamii ya amfetamini. Dawa hiyo ilijulikana kwa kumchangamsha mtu, lakini kwa watoto wengi ikafanya kinyume: walitulia. Watoto 14 kati ya wale 30 walibadilika kabisa darasani, wakawa wanakaa, wanasoma na wanamaliza kazi zao.

La pili lilitokea Uingereza, kijiji cha Haswell, mkoa wa Durham. Novemba 30, mke wa mchimba makaa ya mawe alijifungua kitinda mimba wake, mtoto wa sita. Wakamwita Thomas. Dunia ya michezo ilikuja kumjua kama Tom Simpson.

Hakufikisha miaka 30. Alifia mlimani Ufaransa, na kwenye mifuko ya jezi yake vilikutwa vidonge vya amfetamini.

Shabiki wa soka utauliza, mwendesha baiskeli anatuhusu nini? Anatuhusu sana. Kile kipimo cha mkojo ambacho staa wako anaitwa kwenda kukifanya baada ya dakika 90 kilianza kushika kasi katika miaka yake. Na lile swali linalozusha ubishi vijiweni kila staa anaponaswa, kwamba mbona dawa hiyohiyo madaktari wanawaandikia watu, jibu lake limo ndani ya maisha ya huyu jamaa.

Dogo wa kusambaza vyakula

Familia ya Simpson ilihamia Harworth, Nottinghamshire, baada ya Vita Kuu ya Pili. Huko nako ni makaa ya mawe tu. Dogo akapata kazi ya kusambaza vyakula kwa wateja akitumia baiskeli, na kwa mmoja wa wateja hao akafanya mabadilishano yaliyompa baiskeli nzuri zaidi ya mbio. Akajiunga na klabu ya baiskeli ya hapo mtaani.

Alikuwa mwembamba kama ufito. Wenzake klabuni walimtania kwa kumwita Coppi wa kilo 25, wakimlinganisha na Fausto Coppi, Mtaliano aliyekuwa mfalme wa baiskeli enzi hizo. Utani ule ulimpa hasira ya kufanya kazi. Alipopata nafasi ya kujifunza uchoraji wa michoro ya kiufundi kwenye kampuni ya mji wa Retford, alikwenda na kurudi kazini kwa baiskeli, kilomita 16 kila upande. Kwake ile ilikuwa nauli na mazoezi kwa wakati mmoja.

Mwaka 1956, akiwa na umri wa miaka 19, alikuwa kwenye kikosi cha Uingereza kilichopata medali ya shaba Olimpiki ya Melbourne. Miaka miwili baadaye akabeba fedha kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola iliyofanyika Cardiff.

Kwa Mwingereza wa wakati ule, hapo ndipo safari ilipoishia. Pesa na heshima ya mbio za barabarani vilikuwa Ufaransa, Ubelgiji na Italia. Muingereza kwenye msafara wa Bara la Ulaya alikuwa kama timu ya daraja la tatu kwenye robo fainali: watu wanampigia makofi, lakini hakuna anayemhofia.

Paundi 100 na baiskeli mbili

Aprili 1959 Simpson alifungasha. Alivuka bahari kwenda Brittany, Ufaransa, akiwa na akiba ya paundi 100 na baiskeli mbili. Hana mkataba, hana Kifaransa cha maana. Ndani ya miezi michache alikuwa ameshinda mbio za kutosha kuwavutia matajiri, na kabla mwaka haujaisha akawa mchezaji wa kulipwa na kumaliza wa nne kwenye mashindano ya dunia.

Machi 1961 akalipua bomu. Kwenye mbio za Flanders, Ubelgiji, alifika mstari wa mwisho sambamba na Mtaliano Nino Defilippis. Upepo ulikuwa mkali kiasi cha kuangusha bango la kumalizia, na Mtaliano alilalamika kwamba hakujua mstari uko wapi. Simpson alijua. Hakuna Mwingereza aliyewahi kushinda mbio kubwa za aina ile kabla yake.

Mwaka 1962, kwenye Tour de France, akawa Mwingereza wa kwanza kuvaa jezi ya njano, ile anayovaa anayeongoza mashindano. Aliivaa siku moja tu, kesho yake wakamvua, lakini akamaliza wa sita kwa jumla. Akaishi Ghent, Ubelgiji, pamoja na mkewe Helen, na walijaliwa mabinti wawili.

Mataji yakafuatana. 1963 akashinda Bordeaux hadi Paris, mbio za siku moja zenye zaidi ya kilomita 550. 1964 akashinda Milan-San Remo. Septemba 1965, huko San Sebastián, Hispania, akamshinda Mjerumani Rudi Altig kwenye mita za mwisho na kuwa bingwa wa dunia. Wiki chache baadaye akaongeza Lombardia, Italia.

Mwisho wa mwaka huo BBC ikampa tuzo ya mwanamichezo bora wa mwaka. Ukitaka kujua uzito wa tuzo hiyo, aliyeichukua mwaka uliofuata ni Bobby Moore, nahodha aliyeipa England Kombe la Dunia.

Watu walimpenda. Alikuwa mcheshi, anajua kucheza na kamera, anakubali kupigwa picha amevaa kofia na kushika mwavuli kama bwana mkubwa wa London. Lakini waliomjua kwa karibu walijua pia kwamba huyu mtu hajui kuacha. Mara kadhaa alipanda baiskeli akiwa mgonjwa au ameumia, akaendelea hadi mwili ukagoma wenyewe. Tour ya 1965 aliimalizia hospitali. Ya 1966 aliiacha njiani baada ya kuanguka na kuumia mkono.

Vidonge ndani ya msafara

Sasa hapa ndipo hadithi inapobadilika rangi.

Amfetamini haikuanza kama dawa ya kihuni. Miaka ya 1930 iliuzwa kama dawa ya kuzibua pua. Vita Kuu ya Pili ilipokuja, majeshi yaliwagawia askari na marubani ili wasisinzie. Baada ya vita madaktari waliiandika kwa watu wenye huzuni nzito, kwa waliotaka kupunguza unene na kwa wenye maradhi ya kusinzia ovyo mchana. Ilikuwa kidonge cha kawaida kwenye kabati la nyumbani.

Kutoka kwenye kabati hadi kwenye mfuko wa jezi ni hatua moja tu. Mwendesha baiskeli anakaa barabarani saa sita, saba, siku baada ya siku, kwa wiki tatu. Kidonge kinachofukuza uchovu kwake ni kama mkate. Msafara wa miaka ya 1950 na 1960 ulikimeza bila kificho kikubwa. Wengine walifika kuona kwamba anayekataa ndiye mjinga.

Simpson hakuwa tofauti. Mmoja wa wenzake alikuja kusimulia miaka mingi baadaye kwamba Simpson alikwenda Tour akiwa na begi moja la nguo na jingine la dawa. Mwaka 1965 gazeti moja la Uingereza lilichapisha makala zilizotoka kwake, zikigusa mambo ya dawa na hongo kwenye mbio za Ulaya. Wenzake walimkasirikia. Kosa lake machoni pao lilikuwa kuyatoa nje yale ambayo kila mtu ndani ya msafara aliyajua.

Wakati huohuo serikali zilianza kushtuka. Mwaka 1964 Uingereza ilipitisha sheria iliyofanya kukutwa na amfetamini bila cheti cha daktari kuwa kosa. Juni 1965 Ufaransa ikapitisha sheria dhidi ya dawa za kuongeza nguvu michezoni. Mwaka 1966 wapimaji wakatinga kwenye hoteli za Tour de France mjini Bordeaux kuchukua mkojo. Kesho yake waendesha baiskeli wakagoma: wakashuka na kukokota baiskeli zao kwa miguu kama ishara ya kupinga.

Na hapa soka inaingia. Mwaka uleule, Julai 1966, Kombe la Dunia la England lilikuwa la kwanza kuwa na upimaji wa dawa kwa wachezaji. Hivyo vyumba vya kupimia unavyoviona leo chini ya majukwaa vina umri sawa na lile kombe alilonyanyua Moore.

Angalia jinsi mstari ulivyochorwa. Sheria hazikusema amfetamini ni sumu kwa kila mtu. Daktari aliruhusiwa kuendelea kuiandika. Kilichokatazwa ni kuipata kwa mlango wa nyuma na kuitumia kwa kazi ambayo si tiba.

Siku ya Ventoux

Julai 1967 Simpson alikwenda Tour akiwa na hesabu kichwani. Ana miaka 29. Mwaka uliopita ulikuwa mbovu, alivunjika mguu akiteleza kwenye theluji na ukamharibia msimu. Akitaka kuwekea familia yake msingi, anahitaji kuvaa njano tena au kumaliza ndani ya watatu bora. Akifanya hivyo, waandaaji wa mbio ndogo za baada ya Tour watamlipa pesa ndefu.

Alianza vizuri. Lakini kwenye hatua ya 10, milima ya Alps, tumbo likamchafuka. Akaharisha, akashindwa kula. Alishuka hadi nafasi ya saba. Usiku wa kuamkia hatua ya 13, pale Marseille, meneja wake alikuja kumkumbusha kwamba matokeo yanahitajika.

Alhamisi, Julai 13. Kilomita 211 kutoka Marseille hadi Carpentras, na katikati yake kuna Mont Ventoux. Huu ni mlima wa zaidi ya mita 1,900. Sehemu ya juu haina mti hata mmoja, ni mawe meupe yanayorudisha jua usoni kama bati. Siku ile joto lilikuwa la kuchoma.

Ongeza na hili. Waandaaji waliruhusu kila mtu chupa nne za maji tu kwa siku nzima, kama lita mbili hivi. Elimu ya upungufu wa maji mwilini ilikuwa bado ndogo. Waendesha baiskeli walivamia baa za njiani na kuchukua chochote chenye majimaji. Kilichomfikia Simpson kabla ya kuanza kupanda ni brandi. Akanywa.

Kwa hiyo hebu tuhesabu. Mtu ameharisha siku kadhaa. Hajala vizuri. Hana maji ya kutosha. Amekunywa pombe kali. Jua linachoma. Anapanda mlima wa kilomita 21. Na ndani ya damu yake kuna amfetamini.

Mwili wa binadamu una refa wake. Ukizidisha joto, unaishiwa nguvu, miguu inakuwa mizito, kichwa kinazunguka, unalazimika kukaa chini. Ile ndiyo filimbi, na kazi yake ni kukuokoa. Amfetamini haiongezi mafuta kwenye tanki hata tone moja. Inachofanya ni kumziba mtu masikio asiisikie filimbi. Wakati huohuo inapandisha mapigo ya moyo na presha, inaongeza joto la mwili na kubana mishipa ya ngozi, ile ambayo joto lingetokea.

Akiwa anakaribia kileleni, Simpson alianza kuyumba kutoka upande mmoja wa barabara hadi mwingine. Akaanguka. Fundi wa timu, Harry Hall, akamwambia imetosha, siku yake imekwisha. Simpson akakataa, akataka arudishwe juu ya baiskeli. Wakamrudisha. Akaenda kama mita 460 hivi, akayumba tena. Walipomshika alikuwa hana fahamu, mikono imeng'ang'ania usukani kiasi kwamba ilibidi waibandue.

Daktari wa mashindano, Pierre Dumas, alijaribu kumrudishia pumzi palepale kwenye mawe. Helikopta ikampeleka hospitali ya Avignon. Saa 11:40 jioni wakatangaza amefariki.

Kwenye mifuko ya mgongoni ya jezi yake walikuta vichupa vitatu vya vidonge. Viwili vitupu, kimoja kimebaki nusu.

Walichosema wataalamu

Dumas alikataa kusaini kibali cha mazishi. Uchunguzi wa maiti ukafanyika, ukakuta amfetamini na pombe.

Hitimisho la wataalamu wa Ufaransa linastahili kusomwa taratibu, maana wengi wamelipindisha. Walisema moyo ulisimama kwa sababu ya kuchoka kupita kiasi, na kwamba joto, kazi nzito na dawa vilichangia. Kiasi cha amfetamini alichomeza, kwa chenyewe, kisingetosha kumuua. Lakini kilitosha kumfanya avuke mpaka wa nguvu zake.

Kwa lugha ya mtaani, kidonge hakikumpiga Simpson risasi. Kilimficha tu kwamba anakufa.

Kesho yake msafara haukushindana. Walikubaliana kumwachia Mwingereza mwenzake, Barry Hoban, atangulie na kushinda hatua ile. Simpson akazikwa Harworth, kijiji kilekile alichoanzia kusambaza vyakula.

Kamati ya Olimpiki ikatoa orodha yake ya kwanza ya dawa zilizokatazwa mwaka huohuo wa 1967, na mwaka 1968 upimaji ukaanza rasmi kwenye Olimpiki.

Kidonge kimoja, njia mbili

Sasa turudi kwa wale watoto wa Daktari Bradley. Dawa ya jamii ileile. Kwa nini wao ilikuwa tiba na kwa Simpson ikawa mtego?

Kwanza, kuna ugonjwa. Leo tunajua kwamba baadhi ya watoto, na watu wazima pia, wana hali inayoitwa ADHD. Ubongo unashindwa kukaza umakini na kuzuia vurugu za ndani. Dawa kama amfetamini na methilfenidati, kwa dozi ndogo, huongeza kemikali za ubongo ziitwazo dopamini na noradrenalini, zile zinazosaidia umakini. Mgonjwa hapandishwi kuliko wengine. Anasaidiwa kufika pale wengine walipo. Simpson hakuwa na ugonjwa wa umakini. Alikuwa amechoka, na uchovu haukuwa ugonjwa wake. Ulikuwa taarifa.

Pili, kuna dozi. Daktari anaanza na kidogo, anapandisha taratibu, anasimama inapotosha. Vidonge vingi vya sasa vimetengenezwa vitoe dawa polepole kwa saa kadhaa. Anayetumia kihuni anafanya kinyume: anataka nyingi, anataka haraka, na kesho anataka zaidi kwa sababu mwili umeshazoea. Huko ndiko uraibu unakozaliwa.

Tatu, kuna jicho. Kabla ya kuandika dawa hizi daktari anauliza kuhusu moyo, wako na wa familia yako. Anapima presha, mapigo na uzito. Anauliza usingizi na hamu ya kula. Dawa ikileta shida anapunguza au anaiondoa. Tusidanganyane, hata mgonjwa halali anaweza kupata madhara, kukosa usingizi, kukosa hamu ya kula, presha kupanda. Cheti hakiifanyi dawa kuwa pipi. Kinamfanya mtu mwenye elimu awajibike kukuangalia. Pale Ventoux Simpson alikuwa na fundi wa kumrudisha kwenye baiskeli. Hakuwa na daktari wa kumwambia kwamba kwa joto lile, tumbo lile na pombe ile, kidonge kile ni kifo.

Nne, kuna uwazi. Mwanamichezo wa leo mwenye ugonjwa haruhusiwi kumeza kimyakimya. Anaomba kibali cha kutumia dawa kwa tiba. Anapeleka vipimo. Wataalamu wanaangalia mambo manne: ugonjwa upo kweli, dawa haitampa nguvu zaidi ya afya yake ya kawaida, hakuna dawa nyingine halali ya kufaa, na shida yake haikuletwa na matumizi ya nyuma ya dawa zilizokatazwa. Akipita hapo, anacheza.

Mfano upo. Mwaka 2016 wadukuzi waliiba na kumwaga mtandaoni taarifa za siri za wanamichezo. Mcheza jimnastiki Simone Biles, malkia wa Olimpiki ya Rio, akaonekana alikuwa anatumia methilfenidati. Watu wakaanza kupiga kelele. Akaeleza wazi kwamba ana ADHD tangu utotoni, na kibali alikuwa nacho. Hakuvunja kanuni hata moja.

Na upo mfano wa makaratasi kumuumiza mgonjwa. Mwaka 1972, kwenye Olimpiki ya Munich, Rick DeMont wa Marekani, kijana wa miaka 16, alishinda dhahabu ya kuogelea mita 400. Wakamnyang'anya, kwa sababu dawa yake ya pumu ilikuwa na efedrini. Alikuwa ameiandika kwenye fomu zake, lakini viongozi wa timu yake hawakulifikisha suala hilo panapohusika. Mwaka 2001 kamati ya Olimpiki ya Marekani ilikiri kwamba ilimwangusha. Medali haikurudi.

Soka nayo ina majina yake. Ernst Jean-Joseph wa Haiti, Kombe la Dunia 1974, alinaswa na kichangamshi akasema ni dawa ya pumu. Daktari wa timu yake mwenyewe akamkana. Willie Johnston wa Scotland, 1978, alirudishwa nyumbani kutoka Argentina na hakuichezea tena nchi yake. Diego Maradona, 1994, efedrini ilimtoa kwenye fainali za Marekani, na hatukumwona tena kwenye jezi ya taifa. Wote hao walikosa kitu kimoja: kibali kilichotangulia mechi. Maelezo yanayokuja baada ya mkojo kupimwa ni sawa na kudai penalti wakati watu wameshatoka uwanjani.

Kwa wanaocheza huku kwetu

Kuna jambo moja la karibu zaidi na sisi. Mirungi, au miraa kwa ndugu zetu wa Kenya, ina kathinoni na kathini, vichangamshi ambavyo vyote vimo kwenye orodha ya dawa zinazodhibitiwa siku ya mechi. Kenya ni zao halali, Tanzania ni kosa la jinai. Lakini mkojo haujui mpaka wa nchi. Ukitafuna jana usiku ukacheza leo, kipimo kinaweza kukuumbua.

Na kidonge alichokupa rafiki kwa sababu yeye aliandikiwa hospitali, kwako hakijaandikwa. Kwake ni dawa, kwako ni kamari. Ukiwa na ugonjwa wa kweli, usiache tiba kwa kuogopa jukwaa. Mwambie daktari wako kwamba unacheza, na umwambie daktari wa timu unatumia nini, kabla ya mechi.

Simpson hakuwa mhuni, na wala hakuwa mvivu aliyetafuta njia ya mkato. Alishinda Flanders, Milan-San Remo na ubingwa wa dunia, na bidii yake hakuna anayeibishia. Tatizo ni kwamba bidii ile ilikuwa tayari haina breki, kisha akaiongezea kitu cha kung'oa ile breki moja aliyopewa na Mungu.

Mwaka 1968 walimjengea mnara wa jiwe pembeni ya barabara ya Ventoux, kama kilomita moja kabla ya kilele. Waendesha baiskeli wanaopita hapo, wa ridhaa na wa kulipwa, husimama, wanapumua kidogo na kumwachia kitu. Wengine huacha kofia. Wengi huacha chupa ya maji.